Unasoma Sana, Mtihani Unakataa: Kutafuta Hitilafu Katika Usomaji wa Malengo ya CCNA na Network+

Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, hutoa bure orodha ya mada za mtihani wa CCNA, cheti chake cha mafundi wa mitandao. CompTIA, shirika la vyeti vya teknolojia, nayo hutoa bure malengo, yaani orodha ya mada, ya Network+, cheti chake cha mitandao. Hakuna waraka mwingine unaokaribia kukuambia utaulizwa nini, na bado ndio unaosomwa kidogo kuliko vyote. Watu huupakua, huupitisha macho, wakauacha kwenye simu na kurudi kwenye video. Mtihani wa mamia ya dola ukiwaangusha, lawama huenda kwa kitabu, kwa mwalimu au kwa Kiingereza.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayokuhusu, uanzie hapo. Nimetumia zaidi CCNA, msimbo 200-301, na nimeileta Network+ ya N10-009 pale inapokwenda njia yake. Malengo yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza. Hapa nayataja kwa maana yake.

Dalili: unaweza kueleza kila kitu, lakini mbele ya ruta mikono inaganda

Hii ndiyo hitilafu kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: mtahiniwa amesoma nomino za orodha akaruka vitenzi. Anaona OSPF, NAT, DHCP, ACL, na kila anapokuta jina analolifahamu anaweka alama ya vema. Lakini kila mstari wa orodha una kitenzi mbele, na kitenzi ndicho kinachosema kazi ni ya kiwango gani.

Chukua sehemu ya tatu ya CCNA, ile inayohusu kupitisha pakiti kati ya mitandao. Mstari wa 3.4 unakutaka usanidi na uhakiki OSPFv2 ya eneo moja, itifaki ambayo ruta huitumia kupeana njia. Mstari wa 3.5, unaofuata hapo hapo, unakutaka ueleze lengo, kazi na dhana za itifaki zinazolinda lango la mtandao lisizimike, yaani familia ya HSRP na VRRP. Mistari hii imekaa jirani lakini haidai kitu kimoja. Kwa HSRP, jua kwamba ruta mbili zinatumia kwa pamoja anwani moja pepe, moja ikiwa kazini na nyingine ikisubiri, na ujue kwa nini kompyuta za ofisini haziguswi ruta moja inapokufa. Ukiweza kumweleza mwenzako hayo bila kusitasita, umefika pazuri.

Kwa OSPF maelezo ni mwanzo tu. Keti mbele ya Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao, andika amri bila kuchungulia popote, hadi ruta tatu zijuane na kupeana njia. Halafu kuna kitenzi cha pili ambacho wengi hukipita: uhakiki. Kuhakiki maana yake ni kutoa amri kama show ip ospf neighbor na show ip route, ukasoma kilichotokea na kusema kama ni sawa au si sawa. Ruta mbili zikikataa kuwa majirani, uweze kutaja sababu: muda wa hello na dead (wa kutuma salamu, na wa kusubiri kabla ya kumhesabu jirani amekufa) haulingani, namba ya eneo hailingani, maski za pande mbili zinatofautiana, au mlango mmoja umewekwa passive, yaani hautumi hello. Ujirani ukifika hatua ya EXSTART ukakwama hapo, shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao mlango unaruhusu. Mtu aliyesanidi OSPF mara moja akifuata video hajui lolote kati ya haya, kwa sababu kwenye video kila kitu kilikubali. Ndiyo maana nasema maabara ambayo haijawahi kuharibika haijakufundisha kuhakiki. Iharibu mwenyewe: badilisha maski upande mmoja, uone dalili gani inatokea.

Angalia pia jinsi kitu kimoja kinavyoweza kutajwa mara mbili kwa vitenzi viwili. DHCP, huduma inayogawa anwani za IP kwa vifaa, inatokea kwenye mstari wa 4.3, pamoja na DNS, ambapo unatakiwa ueleze nafasi yake katika mtandao. Inarudi kwenye 4.6, na hapo unatakiwa usanidi na uhakiki DHCP upande wa mteja na upande wa kupokezana, yaani ruta inapochukua ombi la kompyuta na kulipeleka kwa seva iliyo mtandao mwingine. Anayesoma nomino peke yake anaona "DHCP, nimemaliza" na hajawahi kuandika ip helper-address, amri ya huko kupokezana, maishani mwake.

Kuna vitenzi vya katikati, vya kutafsiri na kubaini, ambavyo havitaki uandike amri wala usimulie, bali usome matokeo ukatoa uamuzi. Mstari wa 3.2 unataka ubaini ruta inavyoamua kupeleka pakiti. Tuseme jedwali la njia lina 10.1.0.0/16 iliyoandikwa kwa mkono, na 10.1.1.0/24 iliyoletwa na OSPF. Pakiti inakwenda 10.1.1.7. Aliyekariri kwamba njia ya mkono ina umbali wa kiutawala (kipimo cha kuaminika kwa chanzo cha njia, ndogo ndiyo bora) wa 1 na OSPF ina 110 atakimbilia ile ya mkono, na atakosa. Ruta hutazama kwanza njia iliyo mahususi zaidi, nayo ni ile ya /24. Umbali wa kiutawala unaingia tu pale vyanzo viwili vinapogombea njia ileile yenye maski ileile. Namba alizokariri ni sahihi, ila hakuwahi kuzitumia kuamua kitu.

Tiba: chukua orodha nzima, iweke kwenye Excel au daftari, na mbele ya kila mstari andika kitendo kimoja kitakachothibitisha kwamba kitenzi kimetimia. Kitenzi kikiwa ni kueleza, jirekodi kwenye simu dakika mbili ukieleza bila kusoma. Kikiwa ni kulinganisha, chora jedwali la tofauti kutoka kichwani. Kikiwa ni kusanidi na kuhakiki, maabara tupu, bila maelekezo. Usijipe vema mpaka kitendo kifanyike. Ukimaliza utaona orodha uliyodhani umeimaliza robo tatu imebaki karibu nusu, na ni afadhali ulijue hilo nyumbani.

Dalili: mitihani ya majaribio unapata tisini, wa kweli unafeli

Kabla ya kulaumu wasiwasi wa chumba cha mtihani, jiulize umefanya seti ileile ya maswali mara ngapi. Ubongo hukariri sura ya swali kabla ya maana yake. Ukiona picha ya mtandao wenye swichi mbili unajua jibu ni C kabla hujasoma sentensi.

Kipimo ni rahisi: chukua swali ulilopata, kisha eleza kwa nini kila jibu lililobaki si sahihi, na utaje kila jibu linaangukia mstari gani wa malengo. Ukishindwa, alama yako ya tisini ni ya kumbukumbu.

Kuhusu madesa ya maswali yaliyovuja, ambayo huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram kama karanga, nitasema kwa ufupi. Cisco na CompTIA zote zinakataza, na zina mamlaka ya kufuta matokeo na kumfungia mtahiniwa. Hilo watu wanalijua na bado wanaendelea. Wasilolijua ni kwamba mengi ya majibu yaliyomo humo si sahihi, kwa kuwa aliyeyaandika naye alibahatisha. Unalipa ili ukariri makosa ya mtu usiyemjua.

Dalili: "wameniuliza vitu ambavyo havimo"

Malalamiko haya nayasikia sana, na mara nyingi mlalamikaji hajadanganya. Yana vyanzo vitatu tofauti, na kila kimoja kina tiba yake.

Kwanza, orodha si uzio. Cisco inaandika wazi juu ya ukurasa kwamba mada hizo ni mwongozo wa jumla na kwamba mada nyingine zinazohusiana zinaweza kutokea. CompTIA inasema hivyo hivyo kuhusu mifano iliyo chini ya kila lengo: si yote, na mingine ambayo haikutajwa inaweza kuulizwa. Kwa hiyo mfano ulio kwenye orodha usome kama jirani wa mifano mingine. Ukiona wametaja aina kadhaa za mashambulizi, lengo ni ujue mashambulizi ya kundi hilo. Nyaraka za CompTIA zina pia orodha ndefu ya vifupisho mwishoni, ambayo watu huiruka wakidhani ni faharasa tu. Pitia kifupisho kimoja kimoja. Usichokijua, kitafute.

Pili, mada inaweza kuwamo bila kutajwa kwa jina. Mgawanyo wa anwani za IPv4, yaani sabuneti, una mstari mmoja tu katika CCNA, 1.6. Ukiupima kwa urefu wa mstari utaupa jioni moja. Lakini huwezi kusoma jedwali la njia bila sabuneti, huwezi kuandika ACL, orodha ya kuruhusu au kuzuia pakiti, bila maski ya kinyume, huwezi kujua kwa nini kompyuta mbili zilizochomekwa swichi moja hazionani. Ukipewa 192.168.10.77/27, majibu yatoke kama unavyotaja namba yako ya simu: mtandao ni 192.168.10.64, anwani ya matangazo ni .95, vifaa ni kuanzia .65 hadi .94, na maski ya kinyume ni 0.0.0.31. Kama unahitaji dakika tatu na karatasi, basi maswali mengi utakayoyaona "ni ya ajabu" kumbe ni ya sabuneti yaliyovaa nguo nyingine.

Tatu, huenda uliangalia orodha isiyo yako. Hilo nalitenga.

Dalili: kitabu kinazungumzia vitu ambavyo hakuna anayeuliza

Kila mtihani una toleo, na kampuni hizi mbili huonyesha matoleo kwa namna tofauti. Hapa ndipo wengi hunaswa.

CompTIA hubadilisha msimbo. Network+ ya N10-009 ilianza Juni 2024, na N10-008 ikafungwa Desemba mwaka huo. Ukiona kitabu kimeandikwa N10-008 kwenye jalada, unajua papo hapo.

Cisco haikufanya hivyo kwa CCNA. Toleo 1.0 lilianza Februari 2020. Toleo 1.1 likaanza tarehe 20 Agosti 2024. Msimbo ukabaki uleule, 200-301. Kwa hiyo kitabu cha 2020 na cha 2024 vyote vina namba moja mgongoni, na muuzaji wa vitabu vilivyotumika atakuapia kwamba ni kilekile. Sehemu kubwa ni kweli: VLAN, OSPF na ACL hazikuhama. Lakini sehemu ya sita, ya otomatiki, ilibadilika. Kati ya zana za kusanidi vifaa kwa otomatiki, Puppet na Chef zilitoka, Ansible ikabaki, Terraform ikaingia, na kukaongezwa mstari kuhusu akili mnemba na ujifunzaji wa mashine katika uendeshaji wa mitandao. Ukisoma Chef kwa bidii kwa ajili ya toleo 1.1, umejielimisha bure.

Tiba: usianze na kitabu. Anza na ukurasa wa Cisco au CompTIA siku unayoamua kusoma, na urudi tena kabla ya kulipa. Linganisha mstari kwa mstari na yaliyomo kwenye kitabu. Kitabu cha zamani hakihitaji kutupwa kama pengo ni mistari michache. Jaza pengo kwa nyaraka za kampuni yenyewe. Pengo likiwa sura nzima, hapo kiachie.

Dalili: umesoma miezi, bado uko sura za mwanzo

Mara nyingi huyu ni mtu mwangalifu, na ndiyo inayosikitisha. Anaanza na modeli ya OSI, ile ya tabaka saba za mtandao, anaitafuna mpaka mifupa, anaandika madokezo kwa kalamu za rangi, na anafika OSPF akiwa amechoka.

Malengo yana asilimia. Kwenye CCNA, misingi ya mitandao ni 20, kuingia kwenye mtandao ni 20, kuunganisha mitandao kwa IP ni 25, huduma za IP ni 10, misingi ya usalama ni 15, otomatiki ni 10. Sehemu ya pili na ya tatu peke yake ni asilimia 45, na zote mbili zimejaa vitenzi vya kusanidi. Kwenye Network+ uzito mkubwa uko kwenye kutafuta hitilafu, 24, ukifuatiwa kwa karibu na dhana za mitandao, 23, na usalama ni 14.

Lakini usigeuze asilimia kuwa ratiba ya saa. Otomatiki ni 10, na mtu ambaye hajawahi kuona JSON, muundo wa kuandika data, atahitaji muda zaidi ya anayejua programu kidogo. Asilimia inakuambia ukipoteza sehemu hiyo utapoteza kiasi gani. Haikuambii itakugharimu muda gani. Hilo unalijua wewe. Weka safu mbili kwenye Excel yako: uzito wa sehemu, na ugumu wake kwako. Anza pale zote mbili zilipo juu.

Dalili: majibu mawili yote ni kweli, na unachagua lisilotakiwa

Hii ni ya Network+ zaidi. Swali linaeleza tatizo: ghorofa ya pili haipati mtandao tangu asubuhi. Linauliza fundi afanye nini kwanza. Mojawapo ya majibu ni kubadilisha swichi. Jingine ni kuuliza kama kuna kitu kimebadilishwa jana. Mafundi wetu wengi, hasa wale waliozoea kazi ya mkono, wanachagua swichi, na huenda mwishoni swichi ndiyo mbovu kweli. Bado jibu si hilo.

Lengo la 5.1 limeweka hatua za kutafuta hitilafu kwa mpangilio: tambua tatizo, weka nadharia ya chanzo, ijaribu, panga hatua za kuchukua pamoja na athari zake, tekeleza au mpelekee aliye juu yako, hakikisha mfumo wote unafanya kazi na weka kinga, kisha andika kumbukumbu. Kuuliza watumiaji na kutafuta kilichobadilika kumo ndani ya hatua ya kwanza. Kubadilisha swichi ni hatua ya tano. Swali halikuuliza kitakachoponya. Liliuliza uko hatua ya ngapi.

Kwa hiyo katika kila swali la kisa, kabla ya kutazama majibu, sema kimoyomoyo hatua gani zimeshafanyika katika maelezo. Kama fundi ameshajaribu nadharia na imethibitika, kinachofuata ni mpango. Kama tatizo limeshatatuliwa na mtumiaji ameridhika, bado kuna kumbukumbu ya kuandika. Maneno madogo ya Kiingereza yanayomaanisha kwanza, kinachofuata, bora zaidi na yamkini zaidi ndiyo yanayobeba swali zima. Ukiyapita kwa haraka hakuna ujuzi wa mitandao utakaokuokoa.

Dalili: umemaliza kozi zote za chuo, lakini mtihani unakuwa mgeni

Kozi tatu za Cisco Networking Academy ni nzuri, na vyuo vingi vya Afrika Mashariki hufundisha kwa hizo. Cheti unachopewa mwishoni kinasema umemaliza kozi. CCNA ni mtihani mwingine, unaofanyiwa Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani, na wenye orodha yake. Mpangilio wa kozi haufanani na mpangilio wa malengo, kwa hiyo pitia malengo upya na uandike mbele ya kila mstari ulifundishwa sura gani. Mistari itakayobaki wazi, au uliyofundishwa muhula wa kwanza na hujaigusa tena, ndiyo kazi yako.

Dalili: umefeli, na hujui urekebishe nini

Usirudie kitabu kutoka ukurasa wa kwanza. Chukua karatasi ya matokeo.

Cisco haitangazi alama ya kufaulu CCNA, ila ripoti yake inaonyesha asilimia uliyopata katika kila sehemu kati ya zile sita. CompTIA hufanya kinyume: alama inatangazwa, kwa Network+ ni 720 katika kipimo cha 100 hadi 900, na ripoti inakutajia malengo ambayo ulikosa angalau swali moja. Kila ripoti inahitaji usomaji wake. Ya CompTIA inakupa mistari, lakini haisemi ulikosa swali moja au manne, kwa hiyo usikimbie kuupa kila mstari uzito sawa. Mistari mitano ikitoka sehemu moja, hapo ndipo penye ugonjwa. Ya Cisco inakupa sehemu tu, na kazi ya kutafuta mstari ni yako. Fungua sehemu uliyopata kidogo, pita kila mstari kwa kitendo cha kitenzi chake kama tulivyosema kwenye OSPF, na uandike uliposhindwa. Sehemu ya tatu ikiwa 40 na ya kwanza 85, na sabuneti unaifanya vizuri, basi shida haiko kwenye anwani, nenda 3.1 na 3.2, usome majedwali ya njia hadi uchoke.

Fanya hivyo siku ileile, kabla hujasahau maswali yalikuwa na sura gani. Si kwa ajili ya kuyaandika na kuyasambaza, maana umesaini kutofanya hivyo, bali kujua ni kitenzi gani kilikukwamisha: kueleza, kusoma matokeo, au kusanidi. Cisco inakutaka usubiri siku 5 kabla ya kurudia CCNA. CompTIA haina muda wa kusubiri kati ya jaribio la kwanza na la pili, na kuanzia la tatu ni siku 14. Usilipe tena mpaka mistari yote uliyoandika imefanyiwa kitendo chake bila kuchungulia, hata kama siku zilizowekwa zimekwishapita.